Asubuhi Moja Katika Hori ya Mida

Ndugu zetu wakaao bara hutuuliza mara nyingi, "Je, ni kweli kwamba bahari huondoka mahali pake, kisha ikarudi?" Naam, ni kweli. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja, nao watu wa pwani hupanga kazi zao kwa kuufuata mwendo huo, kama ninyi mpangavyo kulima na kupanda kwa kuzifuata mvua. Mvuvi, na mwanamke aokotaye chaza, hata mtoto apelekwaye ng'ambo kumwamkia shangazi yake, wote huuliza kwanza, "Maji yakoje leo?" Basi mwezi huu nataka kuwaeleza niliyoyaona asubuhi moja ya Februari, nilipochukuliwa kwa mtumbwi katika hori ya Mida, ili hata asiyepata kuiona bahari ajue jinsi maji hayo yanavyowalisha viumbe wengi, na kwa nini wenyeji wa hapo wana shauri zito juu ya miti yao.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia katika nchi kavu karibu na Watamu, kusini ya Malindi, katika pwani ya Kenya. Mlango wake ni mwembamba, lakini ndani hupanuka ukawa kama ziwa, wenye mikondo na mafungu ya mchanga, na ukingoni umezungukwa na mikoko. Upande wa bara uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na si mbali pana magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Hakuna mto mkubwa unaoingia katika hori hii; maji matamu huja kwa siri, yakipenya chini ya ardhi. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliweka hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, nazo zilikuwa za kwanza katika nchi hiyo, na hori ya Mida ikawekwa chini ya ulinzi huo.

Kabla ya kupanda mtumbwi yafaa tufahamu mwendo wa maji. Mwezi ndio uyavutao zaidi, na jua husaidia. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, hivyo viwili huvuta katika mstari mmoja. Ndipo maji hujaa sana na kupwa sana, na watu wa pwani huziita siku hizo bamvua. Mwezi uwapo nusu, jua na mwezi huvuta kila kimoja upande wake, maji yasipande sana wala kushuka sana. Hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, maji makuu na maji madogo hupitana kadiri ya meta 3. Kutoka kujaa hata kupwa ni muda wa saa 6 na dakika chache, na kila siku maji huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo, siku za bamvua, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na kupwa kwenye saa nne au saa tano ya asubuhi. Ajuaye hesabu hii hana haja ya kuuliza. Hutazama mwezi usiku, akajua ataamka saa ngapi.

Mzee aliyenichukua ni Mgiriama, mwenye mtumbwi wa kuchongwa. Nalikuwa nimeagana naye siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Nikafika gizani, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Umefanya vema kuwahi. Watu wengi huja jua likiwa kali, wakaona matope tu, wakaenda zao wakisema hapa hapana kitu." Akanikalisha omoni, yeye akasimama tezini na upondo wake. Akanipa masharti mawili: nisisimame chomboni, na nisiseme kwa sauti. "Kafi nimeiacha," akasema, "maana hupiga maji. Upondo hausemi."

Maji yalikuwa yamejaa hata kufunika mizizi yote ya mikoko, na miti ilionekana kana kwamba imesimama katikati ya bahari. Tukapita kandokando yake polepole. Mapambazuko yalipoingia nikaona ya kuwa matawi yaliyokuwa meusi yamejaa ndege. Walikuwapo sululu, wenye midomo mirefu iliyopinda kama mundu, na pamoja nao ndege wadogo wa kijivu, ambao midomo yao imepinda kuelekea juu. Wote walikuwa wamesimama kimya, wengine wameficha vichwa katika mbawa. Nikamnong'oneza mzee, "Wamelala?" Akanijibu, "Wanangoja. Meza yao ingali chini ya maji."

Neno hilo nalilishika, kwa sababu ndilo lililonifunulia mambo yote ya asubuhi ile. Ndege hao hawana kwao Mida. Wengi huzaliwa mbali sana upande wa kaskazini, hata katika nchi za baridi za Siberia, ambako kiangazi ni kifupi na baridi yake huua. Watoto wakiisha kukua, huruka maelfu ya kilomita wakaja kukaa kwetu tangu Septemba hivi hata Aprili, kisha hurudi kuzaa. Safari ya namna hiyo haifanyiki kwa tumbo tupu. Kabla ya kuondoka imewapasa kula na kunenepa, kwa maana mafuta ya mwilini ndiyo akiba ya njiani. Na maji yamefunika chakula chao sehemu kubwa ya siku. Mtu akiwafukuza kwa kelele au kwa chombo cha moto, wakaruka na kuzunguka, wametumia nguvu waliyoiweka akiba, na saa ya kula haitawangoja.

Kwenye saa moja maji yalianza kutoka kwa kasi. Kwanza ilionekana mizizi ya mikoko, ambayo hushuka kutoka shinani kama magoti mengi, ikaushika udongo laini. Kisha kati ya michu vikatokea vijiti vingi vilivyosimama wima katika matope, kama kwamba mtu amevichomeka kwa mkono. Nalidhani ni miche, lakini sivyo. Ni mizizi inayotoka juu ili ivute hewa, kwa kuwa matope yale hayana hewa ya kutosha. Mzee akachuma jani la mchu akanipa nililambe. Lilikuwa na chumvi juu yake, maana mti ule hunywa maji ya bahari, ukaitoa chumvi kwa njia ya majani. Akanionyesha pia mlilana, uotao mbele kabisa kukabili maji, na nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Kila mti una mahali pake, kwa kadiri uwezavyo kuvumilia kufunikwa na maji, na mtu aliyezoea huweza kuusoma ukingo wa hori kama asomavyo mistari ya kitabu.

Mara matope yakaanza kutembea. Ndivyo nilivyoona kwanza. Nilipotazama sana, nikaona ni kaa wadogo wasiohesabika, wakitoka mashimoni mwao. Dume ana gando moja dogo na moja kubwa mno, karibu kulingana na mwili wake. Hulipunga juu na chini kumwita jike, na kuwaonya madume wengine wasikaribie shimo lake. Kwa gando dogo huokota tope, hulichuja kinywani, hula kilicho chakula, na mabaki huyaacha kama vidonge vidogo vilivyopangwa kuuzunguka mlango wake. Maji yarudipo, hujifungia ndani kwa kizibo cha tope. Palikuwapo na samaki pia, wenye rangi ya udongo na macho yaliyosimama juu ya kichwa, waliojikokota nchi kavu kwa mapezi yao kama mtu atambaaye kwa viwiko. Samaki hao huweza kukaa nje ya maji kwa sababu huweka maji katika mashavu yao, na ngozi yao ikiwa na unyevu huvuta hewa.

Hata saa tatu mafungu ya mchanga na matope yalikuwa wazi, na wale waliongoja matawini walikuwa wameshuka wote. Mzee alikita upondo katika mkondo wenye maji, akaufunga mtumbwi, tukakaa. Ndipo nilipofahamu kwa nini ndege wengi hivi hawapigani. Kila mmoja ana kijiko chake. Vitwitwi wenye midomo mifupi hukimbia na kuokota vya juu juu. Wenye midomo ya wastani huchoma tope la karibu. Sululu huingiza mdomo wake uliopinda ndani ya shimo la kaa, akamvuta mwenye nyumba. Kulasitara husimama majini, wengine weupe na wengine weusi, ingawa ni ndege wa namna moja, nao hungoja samaki. Meza ni moja, lakini hakuna aliyekaa juu ya sahani ya mwenzake.

Walakini ndege aliyenipendeza kupita wote ni ndege mla kaa. Ni mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama nyundo, kwa ajili ya kuvunja magamba ya kaa. Huyu hazaliwi Siberia, bali katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, nchi zile zile yalikotoka majahazi yaliyokuja kwetu zamani na upepo wa kaskazi. Huchimba shimo refu katika mchanga, akataga yai moja tu, jeupe. Kifaranga hulelewa humo shimoni. Na akiisha kuruka pamoja na wazazi wake hata huku kwetu, haachwi ajitafutie peke yake. Nalimwona mmoja wa rangi ya kijivu, mwenye kimo sawa na mama yake, akimfuata nyuma huku akilia kwa sauti nyembamba. Mama akakamata kaa, akamvunja magando, akampa. Mzee akacheka kimoyomoyo, akasema, "Yule amekwisha kuwa kijana, lakini angali anadai. Kazi ya kuvunja kaa ni ngumu. Haisomwi kwa siku moja."

Tulipokuwa tukiwatazama, maji ya mkondoni yakapasuka karibu na mtumbwi, kikatoka kichwa cha kasa. Akavuta pumzi moja, nikaisikia, akazama tena. Kasa huingia hori hii kula majani yaotayo chini ya maji. Kisha majike, wakati wao ukifika, hupanda fukwe za mchanga usiku kutaga mayai.

Maji yalipokuwa yamekwisha kupwa, hatukuwa na la kufanya ila kungoja yarudi, na katika kungoja huko mzee alinieleza habari za mikoko. Ujanani mwake alikuwa mkata miti. Wakataji huipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, na iliyo minene zaidi ni nguzo. Miti hiyo ni migumu, na mchwa hawaipendi. Ndiyo sababu nyumba za kale za pwani zilijengwa kwayo, na majahazi yaliipeleka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Tangu mwaka 1932 mikoko ya Kenya iliwekwa kuwa msitu wa serikali, na mwaka 1982 kuuza boriti nje ya nchi kulikatazwa. Hata hivyo haja ya nyumba haikukatazwa, wala ya kuni, wala ya fedha.

"Mwalimu," akasema, "watu wa mjini hutuambia, Msikate. Neno jema. Lakini jirani yangu ana watoto sita. Mti mmoja akiukata leo, leo hii analeta unga nyumbani. Akiuacha, nani atamletea unga?" Nikamwuliza, "Na wewe, mzee, mbona umeacha?" Akanyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwa upondo mahali palipo wazi ukingoni. "Pale tulikata sote, mimi na wenzangu. Zamani ukitupa wavu mbele yake ulipata kamba na mkizi wa kulisha nyumba mbili. Mikoko ilipokwisha, kamba walikwisha. Hakuna aliyenikataza. Wavu ndio ulionikataza."

Na maneno yake ni kweli tupu. Majani ya mikoko yaangukapo huliwa na kaa na wadudu, yakaoza, yakawa chakula cha viumbe wadogo walioko katika tope. Hao huliwa na samaki, na kamba, na ndege. Mizizi nayo ni boma la watoto wa samaki, maana samaki mkubwa hawezi kuwafuata humo. Wengi wa samaki wavuliwao baharini hupita utoto wao katika maji ya namna hii. Kwa hiyo aondoaye mikoko haondoi miti tu. Anaiondoa meza, na wa kwanza kukosa chakula ni mvuvi wa kijiji kile kile.

Lakini swali la unga halijibiwi kwa kusifu miti. Wenyeji wa Mida wamejaribu kulijibu kwa kazi. Lipo daraja jembamba la mbao na kamba lililopitishwa kati ya mikoko, ambalo wageni hulipa ada kulipita wakawatazame ndege, na mwaka 2001 ulianzishwa mpango ambao sehemu ya mapato ya wageni husaidia karo za watoto wa sekondari, wa jamaa wakaao kando ya msitu na hori. Mjukuu wa mzee huyu ni mmoja wa waliosaidiwa. "Ndege hawa wamemsomesha mtoto wangu," akasema. Kisha akaongeza kwa uaminifu, "Ila si watoto wote wa kijiji, na jirani yangu bado hajapata." Shauri lao bado halijakwisha. Kila mti usimamao pale umesimama kwa sababu mtu mwenye haja amejizuia, na hilo si jambo dogo.

Jambo moja zaidi alinieleza, nalo nawapelekea hasa walimu. Siku hizi shule nyingi na vyama vingi hupenda kupanda mikoko. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama mshumaa mrefu wa kijani. Ikikomaa huanguka, ikasimama topeni au ikachukuliwa na maji. Hivyo kupanda kwake ni rahisi: huchukuliwa iliyokomaa, ikachomekwa wima katika tope. Lakini wapandaji wengine huzichomeka katika mafungu yaliyo wazi, ambapo mikoko haikuota tangu zamani, kwa sababu ni rahisi kufika na pana nafasi. Hapo miche hufunikwa na maji mno, ikafa. Na ikiwa haikufa, imelifunga shamba la ndege, ambao walipata kula pale palipo wazi. "Waulizeni wazee ni wapi palipokatwa," akasema mzee. "Pandeni hapo. Pasipokuwa na mkoko, Mungu hakusahau."

Kwenye saa sita maji yalianza kurudi. Yalikuja bila kelele, vidole vidogo vikifuata mifereji, na kaa wakaanza kuziba milango. Ndege wakasogea hatua kwa hatua mbele ya maji, wakila hata dakika ya mwisho. Yule kijana wa kijivu alikuwa angali anadai. Mzee akang'oa upondo, na maji yale yale yaliyotupeleka nje yakaturudisha nyumbani, pasipo taabu kwa mikono yake.

Mwalimu awezaye kuwafikisha watoto wake Mida, au hori nyingine yoyote ya pwani yenye mikoko, na achague siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, kati ya Septemba na Aprili, afike kabla ya jua. Asichukue redio wala chombo chenye mashine. Awape watoto kazi tatu: wahesabu aina za midomo ya ndege, si ndege wenyewe, wachomeke kijiti ukingoni mwa maji kila nusu saa, wapime maji yameshuka hatua ngapi, na kila mtoto amwulize mzee mmoja wa mahali hapo, "Hapa palikuwaje ulipokuwa na umri wangu?" Majibu ya swali hilo la tatu wayaandike katika daftari na kuyatunza, maana wazee wanaoyajua wanapungua.